Ukumbi wa zamani ukishakarabatiwa, kwa nini maneno hupotea safu za kati?

#1 NyumaYaPazia_KLA
Wakuu, salaam. Nina hoja. Ukumbi wa maigizo wa zamani ukishakarabatiwa (rangi mpya, viti vipya, zulia, kiyoyozi, spika za kisasa), macho hufurahi na masikio huumia. Zamani mwigizaji alisimama jukwaani bila maiki na maneno yakafika mlangoni. Siku hizi mtu wa safu ya 9 au 10 anasikia sauti ila hapati maneno. Anacheka kwa kuwa jirani kacheka.

Sitaji ukumbi wowote, maana jambo hili lipo popote ambapo nyumba ya miaka ya 50 na 60 imefufuliwa. Kosa huwa wapi? Viti? Dari? Spika? Au waigizaji wamesahau kupaza sauti? Na mwenye tiketi akae wapi?

#2 FundiSpika_Ntinda
Spika. Ukumbi ukikarabatiwa hununuliwa mitambo ya bendi: minara miwili kandokando ya jukwaa, imeelekezwa mbele moja kwa moja. Sauti inapita juu ya vichwa, inagonga ukuta wa nyuma, inarudi.

Pigeni hesabu. Ukumbi wa mita 20 toka jukwaani hadi ukuta wa nyuma. Safu ya 9 iko kama mita 9 na nusu toka jukwaani. Sauti ya kwanza inamfika mtu baada ya mita 9.5. Ile iliyogonga ukuta imetembea mita 20 kwenda na 10.5 kurudi, jumla 30.5. Tofauti ni mita 21, na kwa kuwa sauti hukimbia karibu mita 343 kwa sekunde, hiyo ni milisekunde 60 hivi. Kwa maneno, kinachochelewa kupita milisekunde 50 sikio linakisikia kama mtu wa pili anayesema juu ya wa kwanza. Ndiyo hiyo safu ya 9 yako.

Dawa si kuongeza sauti. Inamisha spika zitazame vichwa vya watu, zisitazame ukuta. Kisha weka spika ndogo katikati ya ukumbi, uzicheleweshe milisekunde 2.9 kwa kila mita toka spika kuu, halafu uongeze 10 hadi 15. Kwa mita 10 unapata kama 40. Hiyo nyongeza ndiyo inayolidanganya sikio liamini kwamba sauti inatoka mdomoni mwa mwigizaji, si darini.

#3 DadaTororo
Asante fundi, ila mwenye uzi amesema zamani hakukuwa na maiki. Ukuta wa nyuma ulikuwepo tangu siku ya kwanza. Mbona haukuleta mwangwi?

Mimi nasema ni idadi ya watu. Mwaka 1895 Wallace Sabine, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, alipewa chumba cha mihadhara ambacho hakuna aliyeelewa kinachosemwa ndani yake. Alibeba mito ya viti kutoka ukumbi wa Sanders, akaitandaza humo kidogokidogo usiku, huku akipima sauti inachukua muda gani kufa. Kanuni aliyoipata inatumika hadi leo: zidisha ujazo wa chumba kwa 0.161, gawa kwa jumla ya unyonyaji, yaani uwezo wa vitu vilivyomo ndani kumeza sauti.

Chukua ukumbi wa mita za ujazo 2,000, viti vya mbao, unyonyaji wa mita za mraba 165 ukiwa mtupu. Sauti inachukua sekunde 1.95 kufa. Kanisani sawa, kwenye maigizo ni balaa. Mtu mmoja aliyeketi hunyonya kama 0.45. Weka watu 350: unyonyaji unakuwa kama 322, muda unashuka hadi sekunde 1. Maneno yanataka 0.7 hadi 1, kwa hiyo hapo uko salama. Sasa weka watu 100, kama Jumatano ya mvua: sekunde 1.5. Kila silabi inakanyaga mkia wa iliyotangulia.

Zamani kumbi zilijaa. Siku hizi hazijai. Ukarabati unasingiziwa tu.

#4 Bombo_Kwetu
Yaani dawa ya sauti mbaya ni kuleta shemeji wote. Nimeelewa.

#5 MzeeWaMbao
Dada, hesabu zako ni safi, ila zinahusu viti vya mbao. Aliyekarabati ameshaving'oa, ameweka viti vyenye sponji. Kiti cha sponji kilichofunikwa kitambaa hunyonya karibu sawa kikiwa kitupu au kimekaliwa, na kazi yake ndiyo hiyo. Kwa hiyo Jumatano na Jumamosi zinatakiwa kufanana.

Tatizo langu ni kinyume cha lako. Ukumbi umeuawa. Zulia sakafuni, zulia ukutani, mapazia mazito kila upande, sponji kwenye viti. Muda wa sauti umeshuka hadi 0.5. Kila neno ni safi, ila halina nguvu, kwa sababu kuta za pembeni zilikuwa zinamsaidia mwigizaji: sauti iliyogonga ukuta wa karibu ikafika ndani ya milisekunde 50 sikio huijumlisha na ya kwanza. Ukuta mtupu wa plasta ulikuwa spika ya bure. Ukiuvika zulia umeizima, halafu unamwita fundi alete ya kununua.

#6 FundiSpika_Ntinda
Mzee, hapo nakubali nusu. Ila kitambaa? Nenda kaangalie viti vingi vipya. Ni rekisini, ngozi ya bandia. Rekisini inafutika kwa kitambaa chenye maji, wenye kumbi wanaipenda, lakini sauti nyembamba hazipenyi, zinateleza juu na kurudi hewani. Sponji chini yake inanyonya sauti nene peke yake. Kwa hiyo unabaki na *s*, *sh*, *t*, *k* zikirukaruka.

#7 MzeeWaMbao
Rekisini nakubali. Itobolewe matundu madogo upande wa chini wa kiti kinachokunjwa, kiti kitupu kikisimama matundu yatazame jukwaa. Ni kazi ya siku mbili.

#8 Kasuku_wa_Jinja
Mnasahau lugha! Kwenye Luganda *okuta* ni kuachilia na *okutta* ni kuua. Tofauti ni kimya kifupi kabla ya *t*, pumzi inaposhikwa. Katika ukumbi wenye mvumo, kile kimya kinajazwa na mkia wa silabi iliyotangulia. Jukwaani mfalme kasema mwachilieni, safu ya 10 wamesikia muueni. Vivyo hivyo *okusika* na *okusiika*: kuvuta na kukaanga. Irabu fupi ikirefushwa na ukuta, kamba imeshakaangwa.

Kiswahili kinavumilia zaidi kwa sababu silabi nyingi huishia irabu na hakuna urefu unaobadilisha maana kwa namna hiyo. Ukitaka kujua ukumbi ni mbovu kiasi gani, usipime kwa Kiswahili wala Kiingereza. Pima kwa Luganda.

#9 Bombo_Kwetu
Kamba imekaangwa 😂😂 Banange.

#10 DadaTororo
#8 hiyo ni hoja nzito kuliko zote hapa, na inasaidia upande wangu. Mvumo ndio adui.

#11 NyumaYaPazia_KLA
Kasuku, asante sana. Na ngoma je? Maana ukumbi huohuo jioni nyingine una amadinda, ile marimba ya Waganda.

#12 Kasuku_wa_Jinja
Amadinda ndiyo kipimo kikali zaidi. Vipande 12, watu watatu. Omunazi anapiga yake, omwawuzi anaingiza zake katikati ya zile, omukoonezi anachuma wimbo kwenye vipande viwili vya juu. Noti za wawili wa kwanza zinasukana kwa kasi ambayo sikio linazichukua kama mkono mmoja. Sauti ikichukua sekunde 2 kufa, noti kadhaa zimerundikana hewani kwa wakati mmoja. Unasikia uji.

Tazama embaire, marimba ya Busoga: inachezewa nje, shimo limechimbwa chini yake. Shimo linaikuza sauti, na hakuna kuta za kuirudisha.

#13 Mpakani_Busia
Kwani ukumbi wa taifa wa Kampala ulijengwa lini? Nadhani 1962, zawadi ya uhuru. Kama ni hivyo ulijengwa harakaharaka, na dosari za sauti ni za kuzaliwa.

#14 MzeeWaMbao
Hapana ssebo. Ulifunguliwa Desemba 1959. Waliouchora ni Peatfield na Bodgener, walewale wa jengo la Bunge lililo jirani. Cha 1962 unachokichanganya ni onyesho: Novemba mwaka huo, katika shamrashamra za uhuru, wanafunzi wa Makerere walicheza pale tamthilia ya mwenzao aliyeitwa bado James Ngugi, ndiye Ngũgĩ wa Thiong'o. Jengo lilikuwa na karibu miaka mitatu tayari.

Na tazama ukubwa wake. Viti havifiki 400. Nyumba ya ukubwa huo mwigizaji aliyefunzwa anaijaza kwa kifua chake, hakuna dosari ya kuzaliwa hapo. Ule ukuta wa mbele wa saruji yenye matundu nao si urembo tu. Ni kivuli na njia ya hewa. Nyumba za enzi ile zilipumua.

#15 Mpakani_Busia
Nimesahihishwa, asante mzee. Nairobi je? Wao walikarabati wa kwao.

#16 MzeeWaMbao
Wa Nairobi ni wa 1952, ukafunguliwa upya 2015 baada ya ukarabati. Ila tusihamie Nairobi, uzi utatoroka.

#17 Mama_Kiyoyozi
Uzi umeshatoroka. Mzee aliposema nyumba zilipumua ndipo penye jibu, kisha mkapapita.

Nyumba iliyopumua kwa matundu haikuwa na kiyoyozi. Ukarabati unaziba matundu ili ubaridi usitoke, unaweka mashine darini. Kelele za boda na honi zimebaki nje, sawa. Ila ndani sasa kuna mngurumo usiokwisha, na kwa kuwa haukwishi mtu anauzoea asijue kwamba upo. Mngurumo huo unafunika kwanza sauti dhaifu, nazo ni konsonanti. Irabu zinapita, *f* na *s* zinazama. Kwa hiyo mtu anasema kile alichosema mwenye uzi, neno kwa neno: nasikia sauti, sipati maneno.

Kosa la kawaida: mfereji wa hewa ni mwembamba. Aliyebana gharama kaweka wa sentimita 30 palipotakiwa 45. Eneo la mfereji linapungua zaidi ya nusu, hewa inalazimika kukimbia zaidi ya mara mbili, na mlio wa hewa unapanda kwa kasi kuliko mwendo wenyewe. Hata mashine ikiwa nje juu ya paa, mfereji unapiga mluzi kwenye kipuli, tundu la kutolea hewa, juu ya safu za kati. *Safu za kati.* Kwa nini kati? Kwa sababu ndipo mafundi hupenda kuweka vipuli, mbali na taa za jukwaa na mbali na ukuta wa nyuma.

Namna ya kujua: fika mapema, mwombe mhudumu kwa upole azime kiyoyozi dakika moja. Kama bega lako linashuka lenyewe, umempata mchawi.

#18 FundiSpika_Ntinda
Nnyabo, heshima. Ongeza feni za taa. Zile taa za zamani za halojeni za wati 1,000 hazikuwa na feni, joto lilipanda lenyewe. Nyingi za LED zina feni ndani. Ishirini juu ya jukwaa, ni mzinga wa nyuki. Nyingine zina hali ya kimya kwenye menyu, feni inapungua na mwanga unashuka kidogo. Wengi hawaifungui hiyo menyu.

Halafu ule mvumo mnene wa *nnnnn* kwenye spika, wa 50 Hz na ndugu zake 100 na 150. Huo si kiyoyozi. Ni dima za taa (vipunguza mwanga) kuchukua umeme wa fezi moja na mikisa ya sauti, au waya wa maiki kulala sambamba na waya wa taa mita 15. Nyaya hizo zipitishe njia tofauti. Ikibidi zipishane, zipishane kwa pembe mraba. Na usikate waya wa ardhi kuondoa mvumo, tafadhali, hata kama aliyekufundisha alifanya hivyo. Watu hufa.

#19 Bombo_Kwetu
Tukiacha utani, hiyo ya waya wa ardhi iwekwe juu ya uzi.

#20 Mwigizaji_Mstaafu
Nimesoma yote nikisubiri mtu aguse waigizaji. Mnaogopa nini?

Kijana anayefunzwa leo anafunzwa mbele ya kamera. Kamera iko sentimita 60 toka usoni. Anajua kunong'ona vizuri sana. Mlete jukwaani:

Moja, anamtazama mwenzake ubavu kwa ubavu. Mdomo ukigeukia pembeni nyuzi 90, zile sauti nyembamba zinazobeba konsonanti zinapungua sana kwa waliokaa mbele yake, nene zinabaki. Ndiyo maana wa zamani walisimama robo: bega moja kwa mwenzake, kifua kwa watu.

Mbili, anaangusha mwisho wa sentensi. Pumzi imekwisha. Na katika Kiswahili mwisho ndiko kitendo na kikanusho vinakoweza kukaa. "Sikumuona *kamwe*" ikipoteza kamwe imebaki hadithi nyingine.

Tatu, hangoji kicheko. Watu wetu hawakai kimya, wanajibu, wanapiga vigelegele, wanamwonya shujaa kwamba adui yuko nyuma ya mlango. Kicheko kinapanda, kinafika kilele, kinashuka. Anayejua anaingia kinaposhuka hadi theluthi. Akiingia mapema mstari umepotea, akingoja kimya kamili mchezo umepoa. Hiyo haipimwi kwa kanuni ya Harvard.

Sasa mvalishe maiki ya kichwani. Anapunguza sauti zaidi, fundi anapandisha, maiki inanasa viatu, gauni na feni za LED. Mduara.

#21 DadaTororo
Mzee heshima yako, lakini hilo halielezi kwa nini mwigizaji yuleyule, mchezo uleule, anasikika ukumbi mmoja na kupotea mwingine.

#22 Mwigizaji_Mstaafu
Linaeleza kama ukumbi mmoja aliufanyia mazoezi na mwingine alishuka kwenye takisi saa kumi na moja, pazia saa moja. Kila nyumba mpya mtu atembee jukwaa lote akisema mistari yake, mwenzake azunguke safu zote akiinua mkono anapopoteza neno. Dakika 40. Nani anafanya siku hizi?

#23 Karanga_za_Gazeti
Nyie wataalamu, mnazungumzia milisekunde, na jirani yangu anafungua kaveera (mfuko wa plastiki) ya chipsi kwa dakika nne.

#24 Bombo_Kwetu
Jina lako na malalamiko yako vinagombana.

#25 Karanga_za_Gazeti
Gazeti halipigi kelele likilowa mafuta kidogo. Hiyo ni teknolojia.

#26 Mama_Kiyoyozi
Kweli kabisa, plastiki inatoa kelele palepale konsonanti zilipo. Karanga zimenywe nyumbani, ziingie kwenye kitambaa.

#27 Mpakani_Busia
Mvua hamjaitaja. Kampala Aprili na Novemba, paa la mabati. Mvua kubwa ikishuka hakuna maiki, hakuna Sabine.

#28 MzeeWaMbao
Bati tupu, ndiyo. Linatetemeka kama ngozi ya ngoma. Dawa ni uzito na pengo: pamba ya mawe ya milimita 100 juu ya dari, dari yenyewe tabaka mbili za jipsamu zenye kupishana viungo, na isifungwe moja kwa moja kwenye kenchi bali ining'inie kwenye vishikizo vyenye mpira. Wengi hufunga tabaka moja ya milimita 12 kwa skrubu kwenye kenchi na kuita kazi imekwisha. Mvua inashuka kupitia skrubu.

Na hapa ndipo nageuka kidogo kuhusu dari. Ile ya zamani mara nyingi ilikuwa na mteremko juu ya ukingo wa jukwaa, ubao mgumu ulioinamia watu. Ulikuwa unachukua sauti ya mwigizaji na kuirusha safu za kati. Mkarabati anauona ni wa kizamani, anaubomoa, anaweka dari bapa yenye taa za urembo. Kama ni kuchagua kosa moja tu katika uzi huu, nachagua huo ubao.

#29 FundiSpika_Ntinda
Mzee umehama toka zulia hadi ubao ndani ya siku moja.

#30 MzeeWaMbao
Zulia bado ni kosa. La pili.

#31 NyumaYaPazia_KLA
Nashukuru wote. Sasa swali la pili ambalo hamjaligusa: tiketi. Akae wapi?

#32 FundiSpika_Ntinda
Kama mchezo una maiki: kaa karibu na meza ya fundi sauti, safu moja au mbili mbele yake. Anachanganya kwa masikio yake, kwa hiyo pale ndipo sauti imetengenezwa. Ila tazama kwanza meza iko wapi. Ikiwa kwenye chumba cha kioo nyuma, fundi anasikiliza spika ndogo humo ndani na hajui kinachowafika ninyi. Hapo kaa popote.

#33 Mwigizaji_Mstaafu
Kama hauna maiki: safu ya 4 hadi ya 6, katikati, lakini si katikati kabisa. Viti viwili kando ya mstari wa kati. Safu ya kwanza utaona viatu, na sauti inapita juu yako.

#34 DadaTororo
Kama kuna roshani, usikae chini yake ndani sana. Kina kikizidi mara mbili ya urefu wa uwazi wake, uko pangoni. Mbele ya roshani yenyewe, safu ya kwanza juu, mara nyingi ndipo bora kuliko viti vya gharama chini. Dari iko karibu nawe na hakuna kichwa mbele yako.

#35 Mama_Kiyoyozi
Tazama juu kwanza. Kipuli cha hewa kikiwa juu ya kichwa chako, hama. Na beba shati la mikono mirefu.

#36 Kasuku_wa_Jinja
Kwa amadinda, pembeni. Karibu na wapigaji kiasi kwamba sauti ya moja kwa moja inaushinda ukuta.

#37 NyumaYaPazia_KLA
Kuna namna ya kupima ukumbi kabla ya kununua tiketi? Kupiga makofi?

#38 DadaTororo
Puto ni bora. Lipasue jukwaani, rekodi kwa simu toka safu ya 9, na uzime ile sehemu ya simu inayopunguza kelele, maana itakula mkia unaoutafuta. Kisha tazama mchoro wa sauti unachukua muda gani kushuka.

#39 Mama_Kiyoyozi
Kiyoyozi kikiwa kimewashwa au kimezimwa?

#40 MzeeWaMbao
Na pazia likiwa wazi au limefungwa? Ukiacha wazi unapima na mnara wa jukwaa, ile nafasi ndefu juu ya jukwaa, ambao ni chumba kingine kabisa kilichojaa vitambaa.

#41 FundiSpika_Ntinda
Puto linapasukia pande zote. Mdomo hauko hivyo. Kipimo hicho kitakuonyesha chumba, hakitakuonyesha mwigizaji.

#42 Mwigizaji_Mstaafu
Mwishowe mmefika kwangu.

#43 Bombo_Kwetu
Ukipasua puto katikati ya Kampala, karibu na Bunge, nani atakuja kukudhamini?